Mwari wa Elmenteita: Kitanda Huku, Chakula Kule

Saa moja asubuhi mwezi wa Januari, ukingoni mwa Ziwa Elmenteita, baridi huuma vidole mpaka kalamu haishikiki vizuri. Tulikuwa watu sita, kila mmoja na darubini shingoni, chupa ya chai ikipita mkono kwa mkono. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kwenye visiwa vya mawe mbele yetu kulikuwa na weupe ambao mgeni angedhani ni chokaa, au magadi yaliyokauka, hadi pale kipande cha weupe huo kilipokunjua bawa na kujinyoosha.

"Usianze bado, mwalimu," mzee anayetuongoza aliniambia. "Ngoja ukungu upande. Ukihesabu sasa utahesabu na mawe."

Kila Januari Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wake huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, na sisi wa kujitolea huenda kusaidia. Kuhesabu kundi la maelfu kuna ufundi wake. Unahesabu kumi, mmoja mmoja, kwa makini. Unaishika machoni nafasi wanayoijaza hao kumi. Unairudia nafasi hiyo mara kumi unapata mia, kisha mia hiyo unaitembeza juu ya kundi zima, kama muuza vitambaa anavyopima kwa mkono wake. Ukichanganyikiwa unaanza upya. Mimi nilianza upya mara tatu, na sikujali, kwa sababu kila nilipoanza upya nilipata sababu ya kuwatazama tena.

Ndege wenyewe ni mwari. Mke wangu ni mtu wa Pwani, na mara ya kwanza nilipomwambia naenda kuhesabu mwari alinitazama kwa mshangao, maana kwao mwari ni msichana aliyewekwa ndani akifundwa. Kamusi imeyabeba yote mawili, binti na ndege. Kwetu bara wengi hawalijui neno hilo kabisa. Wanafunzi wangu, waliozaliwa kilomita chache kutoka ziwani, husema tu "wale ndege wa mdomo mkubwa". Hilo hunisikitisha. Kitu kisichokuwa na jina kinywani mwa watu ni vigumu watu kukiulizia siku kitakapokosekana.

Ukubwa wa mwari hauonekani kwenye picha. Mwari mweupe dume aliyekomaa ana uzito wa kilo 9 hadi 15, jike ni mdogo kidogo. Mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia mita 3 kutoka ncha hadi ncha, na wengine huzidi hapo. Wengi wetu tumewahi kupanga chumba cha futi kumi kwa kumi. Ukimweka mwari katikati ya chumba hicho akafungua mbawa, atakaribia kugusa kuta zote mbili. Mdomo pekee unaweza kuzidi sentimita 40. Ni miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoweza kuruka, na huruka kwa sababu mwili wake umejengwa kwa hewa: mifupa yenye uwazi ndani, na vifuko vya hewa chini ya ngozi.

Nilimwona mwari kwa karibu kabisa huko Naivasha. Shangazi yangu ameuza samaki kwa miaka mingi kwenye ufuo wanaposhukia wavuvi. Siku hiyo alikuwa ameinama juu ya karai, akiwapaa samaki kwa kisu kifupi, magamba yakimrukia hadi kwenye leso. Nyuma yake, hatua moja tu, alisimama mwari. Akiwa wima kichwa chake kilifika juu ya kiuno changu.

"Shangazi, huyu haumi?"

"Ataniuma na nini, mwanangu? Hana meno. Yeye anangoja matumbo."

Jua lilikuwa nyuma ya ndege yule, na mwanga ulipenya ule mfuko wa ngozi ulioning'inia chini ya mdomo. Ulikuwa wa manjano, mwembamba mno, na ndani yake mishipa ya damu ilitawanyika kama nyuzi nyekundu. Kwenye ncha ya mdomo palikuwa na ndoano ndogo, kama ukucha. Miguuni vidole vyote vinne vilikuwa vimeunganishwa kwa utando, hata kile cha nyuma, ambacho bata hana. Shangazi alimrushia kichwa cha samaki. Taya ya chini ilitanuka papo hapo kwenda pande zote mbili, mdomo uliokuwa mwembamba kama bakora ukawa mpana kama ungo, kichwa cha samaki kikatua ndani. Ndege akainamisha mdomo kifuani, akauinua juu, shingo ikavimba, kimeshuka. Harufu ya samaki mbichi ilinibaki nguoni hadi Nakuru.

Wengi hudhani mfuko ule ni kikapu, kwamba mwari huvua, huweka akiba mdomoni na kuruka nayo nyumbani. Sivyo. Mfuko ni wavu. Unazamishwa majini, unazoa maji na samaki kwa pamoja, na unaweza kushika zaidi ya lita kumi. Hakuna ndege wa kuruka na mzigo huo. Kwa hiyo mwari huusukumiza mdomo kifuani, maji yakatoka taratibu, kisha humeza. Chakula cha watoto huenda nacho tumboni. Akifika kiotani, kinda huingiza kichwa chote ndani ya koo la mzazi na kujichotea. Wazungu wa zamani, walipomwona mwari ameinamisha mdomo kifuani namna hiyo, walisimuliana kwamba anajitoboa ili awanyweshe watoto damu yake, na picha hiyo bado imechongwa katika makanisa mengi ya Ulaya. Mimi naona kwamba ukweli, wa kinda kuingia kooni mwa mzazi wake, unatosha bila ya damu.

Tena mwari mweupe havui peke yake akiweza kuepuka. Waliowahi kuona watu wakivuta juya ufuoni watalitambua jambo hili mara moja. Ndege wanane, kumi, kumi na wawili hujipanga majini kwa umbo la kwato ya farasi, uwazi ukielekea mbele. Husonga pamoja wakiwasukuma samaki kwenye maji ya kina kifupi. Kisha, kama waliopigiwa filimbi, huinamisha vichwa vyote kwa mpigo mmoja, mbawa zikiinuka kidogo nyuma. Vichwa hutoka, husonga tena, huinama tena. Nimekaa nikiwatazama saa nzima bila kuchoka. Mwari wa kahawia wa Amerika ana njia yake nyingine: hujirusha kutoka angani na kupiga mbizi. Wetu huvua wakielea, kwa ushirika.

Mwari mmoja mzima huhitaji takriban kilo 1.2 za samaki kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ndege 5,000 ni tani sita kila siku, kabla hujawafikiria watoto. Na hapa ndipo Elmenteita inaponishangaza kila mwaka, kwa sababu ziwa lile halina samaki wa kuwalisha.

Elmenteita ni ziwa la magadi, pana lakini halina kina. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na mwaka wa ukame unaelewa kwa nini. Mwari hawakulifuata kwa ajili ya chakula. Walifuata visiwa. Mwari mweupe hutaga chini, juu ya mwamba au udongo mtupu, kwa kawaida mayai mawili, na huyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kinda hutoka bila hata unyoya, wa waridi kama kidonda kibichi, kisha hubadilika akawa mweusi. Hukaa miezi miwili na zaidi kabla ya kuruka. Kwa muda wote huo fisi mmoja au mbweha wawili wakifika, msimu umekwisha. Ndiyo maana wanataka mahali palipozungukwa na maji, na mawe ya Elmenteita yamezungukwa. Katika miaka mizuri zimewahi kuhesabiwa hadi jozi 8,000 zikitaga pale.

Samaki wako Nakuru, ng'ambo ya vilima. Mzazi mmoja hubaki juu ya mayai, mwingine huenda sokoni. Lakini ndege wa kilo kumi na kitu hawezi kupiga mbawa kupanda vilima kila siku, zingemwishia nguvu. Hungoja jua. Saa tatu, saa nne asubuhi, ardhi ikishapata moto na hewa ikaanza kupanda, utawaona wakijitoa majini kwa makundi, wakimbie juu ya maji kwa miguu yote miwili, wainuke, waanze kuzunguka. Wanazunguka wanapanda, wanazunguka wanapanda, mpaka wawe vidoto vyeupe. Kisha kundi hujinyoosha na kuteleza kuelekea magharibi bila kupiga bawa. Jua likiwa upande wako, wote huwaka kwa pamoja, wakigeuka wote hupotea, kisha huwaka tena.

Na samaki wenyewe wana hadithi yao. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Miaka ya 1950, na tena 1962, watu waliwaleta tilapia wadogo kutoka Ziwa Magadi, kusini, ili wale viluwiluwi vya mbu wa malaria. Samaki yule, urefu wake kama kidole, ni kiumbe cha ajabu. Anaishi katika maji makali ya magadi, yenye joto la kuchoma mkono, ambamo samaki wa kawaida angekufa upesi. Samaki wengine hutoa taka za mwili kama amonia, na maji ya magadi hayapokei amonia kwa urahisi. Yeye huigeuza kuwa urea, kama wewe na mimi. Alipowekwa Nakuru alizaana kupita kiasi. Nyuma yake wakaja walao samaki: mnandi, korongo, tai wa samaki, na mwari kwa maelfu. Mwaka 1968 mwari wakaanza kutaga Elmenteita, mahali ambapo heroe, yaani flamingo, walikuwa wakitaga kabla yao.

Kwa hiyo mandhari tunayoionyesha wageni kama ya tangu kale haijafikisha miaka mia. Iliundwa na mikono ya watu waliokuwa wakipigana na mbu. Wapo wanaosema kwamba basi haistahili kulindwa sana, kwa kuwa si ya asili. Siwezi kukubaliana nao. Ndege hakumwita samaki. Alikuta meza imeandaliwa, akatandika kitanda karibu, na sasa vizazi kwa vizazi vimezaliwa juu ya mawe yale. Aliyeandaa meza hawezi kusema mgeni hamhusu.

Mwaka 2011 UNESCO iliandika Elmenteita, Nakuru na Bogoria kwa pamoja kuwa Urithi wa Dunia, na nadhani hilo la kuyaandika pamoja ndilo la busara kuliko yote. Maana mwari anaweza kupotea Elmenteita bila mtu yeyote kugusa Elmenteita. Linda visiwa, weka askari, zuia ng'ombe, na bado, ikiwa Nakuru imeharibika, mzazi atarudi jioni tumbo tupu. Vivyo hivyo ukiisafisha Nakuru halafu visiwa vikazama, chakula kitakuwapo na kitanda hakitakuwapo.

Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa haya yamekuwa yakipanda. Nakuru ilimeza lango kuu la hifadhi, ikameza barabara na migunga iliyosimama ukingoni. Mtaani Mwariki maji yaliingia nyumba za watu. Mwenzangu mmoja kazini alihamisha watoto usiku, magodoro kichwani. Maji mengi ya mvua yalipunguza ukali wa magadi, heroe wakatawanyika kutafuta mwani kwingine, na samaki wa maji baridi wakajipenyeza, akiwemo sato. Vijana wakaanza kuvua usiku, na wataalamu wakaonya kwamba samaki wa ziwa linalopokea maji machafu ya mji si salama kwa mtu kula. Mwari hajasikia onyo hilo. Yeye na makinda yake wanakula kila siku.

Elmenteita nayo imepanda. Mawe mawili ambayo nilizoea kuyatumia kama alama ya kuanzia hesabu sasa yako chini ya maji. Miaka ya ukame huwa kinyume: maji yanashuka, kisiwa kinaunganika na nchi kavu, fisi anafika kwa miguu. Mwari anaishi kati ya hatari hizi mbili, na upana wa mahali anapoweza kuponea unabadilika mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna nyaya. Ndege mzito hawezi kukata kona ghafla. Nyaya za umeme mkubwa zikipita kwenye njia yake, na asubuhi ina ukungu, huziona akishafika. Nimemkuta mmoja chini ya nyaya, bawa limevunjika begani, bado anapumua. Tulimfunika koti kichwani ili atulie. Alikufa kabla ya gari la mtaalamu wa mifugo kufika. Nilipomwinua nilishtuka, kwa ukubwa ule alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na ngozi ya kifua ilinibonyea mkononi kwa hewa iliyo ndani yake. Kuvalisha nyaya vibao au mipira inayoonekana kwa mbali si teknolojia ngumu. Sioni sababu isifanyike pale kwanza.

Ukiuliza Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, utaambiwa mwari mweupe hayumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, kwa sababu ameenea kuanzia Afrika hadi Ulaya ya kusini mashariki na Asia. Ni kweli. Lakini mwari hutaga kwa mkusanyiko, maelfu mahali pamoja, kwa hiyo msiba mmoja tu hugusa wengi kwa mpigo. Januari 2021, katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal, mwari weupe wapatao 750 walikutwa wamekufa kwa mafua ya ndege. Mwaka uliofuata ugonjwa huo huo uliwaua zaidi ya 1,700 wa jamii ya mwari wa Dalmatia katika Ziwa Prespa Ndogo, Ugiriki, wengi wao ndani ya wiki chache. Mwishoni mwa 2022 ukafika pwani ya Peru, wakafa zaidi ya 10,000.

Kisa kinachonikaa zaidi moyoni lakini ni cha Mto Sittang, Myanmar. Mwaka 1877 Mwingereza aitwaye Eugene Oates alipita huko akaandika kuhusu msitu uliojaa viota vya mwari, ndege wa kukadiriwa kwa mamilioni. Kufikia miaka ya 1940 hakukuwa na hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1877 angeweza kuishi na kuuona mwisho wake bila hata kufika uzee mkubwa.

Na wamewahi kurudishwa. Marekani, dawa ya wadudu ya DDT ilifika baharini, ikaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki ikaingia kwa mwari wa kahawia, na maganda ya mayai yakawa membamba. Sasa kumbuka mwari huatamia kwa kuweka miguu yake mipana juu ya mayai. Mzazi aliyekaa ili awape joto aliyavunja. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, California, viota 552 vilitoa kinda mmoja. Jimbo la Louisiana, ambalo ndege huyu yumo kwenye bendera yake, lilibaki bila mwari anayetaga kufikia 1963. Makinda yakachukuliwa Florida na kupelekwa huko, DDT ikapigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 2009 mwari wa kahawia akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Ilichukua karibu miaka arobaini.

Mfano ninaowapa wanafunzi, hata hivyo, ni wa kijiji cha Kokkare Bellur, kusini mwa India, ambako mwari hutaga kwenye mikwaju iliyo katikati ya nyumba za watu. Mwenye mkwaju akiwaachia ndege mti wake, anapoteza mavuno ya ukwaju, na idara ya misitu imekuwa ikimlipa fidia. Na sisi tunaye wa kwetu: kule Oyugis, magharibi mwa Kenya, mwari mdogo mwenye mgongo wa waridi ametaga miaka mingi kwenye miti iliyo karibu na boma za watu. Mti ukikatwa kwa ajili ya mbao, kundi linapoteza mahali pa kulala na mwenye mti anapata karo ya shule. Simlaumu. Ningependa tu apate karo bila kuukata, na India imeonyesha kwamba inawezekana.

Siku ile ya hesabu tulimaliza visiwa saa tatu na robo. Maziwa mawili huhesabiwa siku moja, na sisi tulitakiwa tuwe tumemaliza kabla ndege hawajaondoka, wasije wakahesabiwa tena upande wa pili. Niliandika namba yangu, mzee akaandika yake, zikakaribiana, akanipiga bega. Kundi la kwanza lilikuwa tayari linakimbia juu ya maji. Waliinuka, wakazunguka, wakapanda, tukawa tunawatazama tukiwa tumeinua shingo mpaka wakateleza nyuma ya kilima.

Nilimpigia simu rafiki yangu aliyekuwa na kundi la Nakuru.

"Wametoka sasa hivi. Wamefika?"

"Bado, mwalimu. Hapa kweupe."

Tulikunja darubini, tukamaliza chai iliyokuwa imepoa. Tulikuwa tunapanda garini simu ilipolia.

"Nawaona juu ya Lion Hill," alisema. "Wanashuka."